Mkopo wa Nyumba: Tuulize Jumla ya Deni

Mfanyakazi anayepanga mjini hulipa kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, kwa mkupuo mmoja, na dalali naye hudai chake. Fedha hiyo ikishatoka haimwachii hata tofali moja. Si ajabu basi kwamba aonapo tangazo la benki linalomwambia kuwa kwa kiasi kile kile cha kila mwezi aweza kuwa na nyumba yake mwenyewe, moyo wake huchangamka. Sisi hatuna ugomvi na tangazo hilo. Mwananchi kukaa katika nyumba yake ni jambo lililotakiwa tangu mwanzo wa Taifa letu, na Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, Uhuru ukiwa bado mchanga. Tunachotaka kusema leo ni kwamba wafanyakazi wengi huchagua nyumba kwa miezi mingi na kumchagua mkopeshaji kwa siku moja. Aghalabu humchukua yule ambaye mshahara hupitia kwake, kwa kuwa afisa wake alikuja ofisini na fomu.

Mambo hayakuwa hivi siku zote. Baada ya mabenki kutaifishwa mwaka 1967, na Benki ya Nyumba ya Tanzania kuanzishwa katika miaka ya mwanzo ya 1970, aliyetaka mkopo wa nyumba alijua mlango wa kubisha. Mlango huo ulifungwa mwaka 1995. Mikopo mingi haikurudi, na benki isiyorudishiwa fedha haiishi, hata ikiwa ni ya umma. Kwa miaka mingi baada ya hapo mtu alijenga kidogo kidogo, msingi mwaka huu, kuta mwaka wa pili, bati Mungu akijalia, na wengi wetu hata leo twajenga hivyo. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu mikopo ya rehani, na kuundwa mwaka 2010 kwa kampuni ya kuyakopesha mabenki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo ya nyumba, ndiko kulikofungua njia upya. Sasa wakopeshaji ni wengi. Mfanyakazi ana nafasi ya kuchagua ambayo mzee wake hakuwa nayo, na nafasi isiyotumiwa ni sawa na kutokuwapo.

Tuanze na hesabu, maana ndipo watu wanapoumia.

Ndugu mmoja akope shilingi 50,000,000 kwa riba ya 15 kwa mia kwa mwaka, riba ihesabiwe juu ya deni lililobaki, alipe kwa miaka 15. Kila mwezi atatoa kiasi cha shilingi 699,800. Mwisho wa safari atakuwa amelipa karibu shilingi 126,000,000. Benki nyingine ikimwambia, kwa upole kabisa, kwamba itampunguzia mzigo kwa kumpa miaka 25, makato yake yatashuka mpaka shilingi 640,400 hivi. Amepata nafuu ya shilingi 59,400 kwa mwezi. Lakini jumla atakayolipa imepanda na kufika shilingi 192,000,000 na zaidi. Nafuu ile ndogo ya kila mwezi imemgharimu shilingi 66,000,000, yaani zaidi ya fedha yote aliyokopa. Hatusemi kwamba miaka 25 ni haramu. Mwenye mshahara mdogo pengine hana njia nyingine. Twasema aambiwe, naye achague akiwa macho.

Liko jambo la pili, nalo ni la hila zaidi. Mkopeshaji mwingine huja na riba ya 10 kwa mia, na kila mtu akamkimbilia. Ukiuliza vizuri utaona kwamba hiyo 10 huhesabiwa juu ya fedha yote ya mwanzo, mwaka baada ya mwaka, hata pale ambapo mkopaji amekwisha kurudisha sehemu kubwa. Kwa shilingi 50,000,000 na miaka 15, riba hiyo ni shilingi 75,000,000, na jumla ni shilingi 125,000,000. Tazameni: ni karibu sawasawa na yule wa 15 kwa mia tuliyemtaja juu. Namba mbili zilizo mbali sana katika tangazo zimezaa deni moja. Kwa hiyo swali la kwanza la mfanyakazi lisiwe "riba yenu ni ngapi?" Swali na liwe hili: "Nikilipa mpaka siku ya mwisho, nitakuwa nimetoa shilingi ngapi kwa jumla?" Jibu liandikwe, lipigwe mhuri. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinamtaka mtoa huduma aeleze masharti na gharama zake waziwazi, basi anayeuliza haombi hisani.

Katika jumla hiyo ziingizwe na zile ada ambazo hutajwa mwishoni, mtu akiwa amekwisha kumpa muuzaji ahadi yake: ada ya kushughulikia mkopo, malipo ya mthamini, ya wakili, ya kusajili rehani, bima ya nyumba na bima ya maisha ya mkopaji. Wenzetu Waislamu wanaotumia dirisha lisilo na riba waulize vilevile. Huko huitwa faida, wala si riba, lakini mfukoni mwa mlipaji shilingi ni shilingi.

Na je, riba ikibadilika? Tangu Januari 2024 Benki Kuu hutangaza riba yake, iliyoanza na 5.5 kwa mia, ili iwe dira kwa mabenki. Mikataba mingi ya nyumba humruhusu mkopeshaji kubadili riba njiani. Hilo laeleweka, maana miaka 15 ni mingi na hakuna ajuaye ya kesho. Lakini mfanyakazi ausome mstari huo mara mbili. Riba ikiwa yaweza kupanda pamoja na riba ya Benki Kuu, na ishuke pia pamoja nayo. Mkataba unaojua kupanda tu haufai kutiwa sahihi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu hawapendi kuliuliza kwa sababu laonekana kuwa ni uchuro: siku mbaya. Kiwanda kikipunguza watu, mshahara ukichelewa, au mwenye nyumba akiugua, mkopeshaji huyu atafanya nini? Hapa ndipo wakopeshaji wanapotofautiana kuliko katika riba. Mmoja husogeza malipo na kupanga upya deni. Mwingine huongeza adhabu juu ya adhabu mpaka deni likawa si lile lililokopwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, pamoja na mabadiliko yake, inamtaka mwenye rehani atoe notisi ya siku 60 kabla ya kuchukua hatua ya kuuza, na inampa wajibu wa kutafuta bei ya haki anapouza. Siku 60 ni chache. Mtu aliyepoteza kazi hawezi kupata nyingine, wala kuiuza nyumba mwenyewe kwa bei nzuri, katika miezi miwili. Kwa hiyo anayekopa aulize mapema, akiwa bado na nguvu ya kuuliza: nikikosa mwezi mmoja adhabu ni kiasi gani, nikikosa mitatu mnafanyaje, na nikipata fedha nikitaka kumaliza deni kabla ya wakati, je, mtanitoza kwa kulipa mapema?

Sheria hiyo hiyo, katika kifungu chake cha 114, inataka ridhaa ya mume au mke kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Wako wanaume wanaoiona karatasi hiyo kuwa usumbufu, wakamtafuta mtu wa kutia sahihi tu ili mambo yaende. Huo ni utovu wa haki, na zaidi ya hayo ni ujinga, maana mahakama zetu zimechoshwa na kesi za namna hiyo. Mama wa nyumba ndiye anayejua ada ya shule ni ya mwezi gani na unga wamalizika lini. Akae mezani hesabu inapopigwa, asiitwe mwishoni kutia kidole.

Tunawaonya pia wale wanaokimbia milango ya mabenki kwa kuogopa masharti, wakaingia kwa wakopeshaji wa mitaani ambao wananchi wenyewe wamewaita "kausha damu". Mtu hutoa hati ya nyumba na kadi yake ya benki kwa mkopo wa miezi michache, kisha hulipa riba ya mwezi ambayo benki hutoza kwa mwaka. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara hiyo sharti awe na leseni. Asiyeionyesha asipewe hata nakala ya hati. Vyama vya akiba na mikopo ni jambo jingine. Vile vinavyoendeshwa vizuri vimewajengea wanachama wao nyumba nyingi bila makelele, na mfanyakazi aliye ndani ya chama cha namna hiyo akiulize kwanza kabla ya kwenda nje. Shida yake ni kwamba muda wake wa kulipa kwa kawaida ni mfupi, hivyo kwafaa zaidi kumalizia nyumba kuliko kununua iliyokwisha.

Mpangilio wa hatua nao una maana. Wengi humpa muuzaji fedha ya mwanzo kwanza, ndipo waanze kutafuta mkopo. Tangu hapo wamefungwa, kwa kuwa muuzaji ameweka tarehe na mkopeshaji yeyote atakayewahi ndiye atakayekubaliwa kwa masharti yoyote. Yafaa kinyume chake. Barua za wakopeshaji watatu zipatikane kwanza, upekuzi wa hati ufanywe kwa Msajili, kisha ndipo fedha itoke. Mtumishi wa umma ajipime pia kwa ule utaratibu wa kubakiwa na theluthi ya mshahara, wala asiuchukulie kuwa ni shabaha ya kufikia. Theluthi moja ni ukuta wa mwisho. Anayekopa mpaka ukutani hana pa kurudi nyuma.

Lakini si haki kumwachia mtu mmoja mzigo wote huu. Mfanyakazi mmoja mbele ya benki ni mnyonge, na wafanyakazi 500 wa kiwanda kimoja ni mteja ambaye benki yoyote ingefurahi kumpata. Twashangaa kuona waajiri wakitia sahihi na benki moja makubaliano ya mikopo ya watu wao, na chama cha wafanyakazi kikapewa habari baadaye. Twaviomba vyama vya wafanyakazi viingie katika mazungumzo hayo tangu siku ya kwanza, viite wakopeshaji watatu au wanne, vidai jumla ya deni, adhabu ya kuchelewa na masharti ya kulipa mapema, kisha vibandike majibu hayo ubaoni langoni mwa kiwanda. Benki Kuu nayo ingetusaidia sana kama ingetoa jedwali moja la kila robo mwaka, kwa Kiswahili, likionyesha kila benki ingemdai kiasi gani kwa jumla mkopaji wa shilingi 50,000,000 kwa miaka 15.

Na aliyekwisha kukopa asidhani kwamba makala haya hayamhusu. Mabenki siku hizi hununua deni la benki nyingine. Na aombe taarifa ya salio lake wiki hii, aipeleke kwa mkopeshaji wa pili na wa tatu, aulize wangemdai nini kwa miaka iliyobaki, akijumlisha na gharama ya kuihamisha rehani yenyewe. Pengine ataambiwa hakuna faida, abaki alipo. Pengine benki yake ya sasa, ikisikia kwamba ameomba taarifa hiyo, itamwita yenyewe kuzungumza.