Ushauri Usio na Mwenye Dhamana

Imeenea siku hizi, kutoka ofisi za Nairobi hata vituo vya kupimia majani chai huku kwetu Sigowet, Kericho, itikadi kwamba akili unde, kwa kuwa haina kabila, haina shemeji, wala haili hongo, ndiyo mshauri mwadilifu kupita wote katika mambo ya biashara. Asili ya itikadi hiyo naifahamu, maana wakulima tumedhulumika mikononi mwa wanadamu miaka mingi. Hata hivyo naikataa.

Mtazame mwanamke ashukaye asubuhi na kapu mgongoni, vidole vimekolea weusi wa utomvu. Huyamwaga majani mezani, karani akayapekua na kuyatupa yaliyokomaa, akabakiza majani mawili na chipukizi, kisha mizani ikatoa risiti yenye namba ya mkulima, na namba hiyo aghalabu ni ya mumewe. Malipo ya mwezi na bonasi ya mwaka hufuata jina hilo. Basi mshauri aliyeajiriwa na kiwanda akiimiminia akili unde kumbukumbu hizo ili impatie ripoti, chombo hicho, ambacho hakijui ila kile kilicholishwa, kitamwona mume asiyechuma na mchumaji hakitamwona kamwe, na mikopo na mafunzo vitaelekezwa kwa asiyegusa mchai, na dhuluma ya zamani itaitwa hesabu.

Nitaambiwa kwamba kampuni kubwa za ushauri zina wataalamu wa kusahihisha. Lakini mwaka 2025, huko Australia, Deloitte, mojawapo ya kampuni hizo, iliirudishia serikali sehemu ya malipo ya ripoti iliyoandikwa kwa msaada wa akili unde na kugharimu dola 440,000 za nchi ile, baada ya mwanachuoni mmoja wa Sydney kugundua kwamba imetaja maandishi yasiyopata kuandikwa na kumsingizia jaji maneno asiyoyasema. Ikiwa serikali yenye wanasheria wake ilihadaika, sembuse mkurugenzi wa kiwanda cha mashambani anayekabidhiwa kurasa mia asubuhi ya mkutano?

Ushauri ni amana. Mshauri wa zamani alifika viatu vimejaa tope jekundu, akauliza, pengine akakosea, nasi tukajua mlango wa kubisha hodi. Wa leo, ripoti ikiharibika, huitupia programu lawama, na wenye programu wako California. Mwaka 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto katika mashamba makubwa ya Kericho. Siusifu moto ule, lakini mashine zile angalau zilionekana kwa macho, na mwenye kunyang'anywa kazi alijua nini kimemnyang'anya.

Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 35, humpa mtu haki ya kutokatiwa na mashine peke yake uamuzi unaomgusa kwa uzito. Ni wangapi miongoni mwetu waliopata kuambiwa hivyo?

Enyi wakurugenzi mliochaguliwa kwa kura za wakulima, mshauri akija, kabla ya kumlipa mwulizeni mbele ya wenye chai ni kurasa zipi alizoandika yeye na zipi zilizoandikwa na mashine, na madeni yetu na majina yetu ameyapeleka kwa nani. Akisita kujibu, mrudishieni ripoti yake.