Konsei ya muji: mashini sawa, lakini mazutu?

Vijana wa Lubumbashi, sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 iko wazi: konsei ya muji njo inaamua juu ya barabara za muji na mifereji ya maji, na njo inapigia bajeti kura. Kununua mashini za kusawazisha barabara na lori za kubeba muchanga, hatukatai. Mvua ikianza Novemba, kule Katuba na Kenya watu wanatoa maji ndani ya nyumba na beseni.

Lakini mazutu itatoka wapi? Mekanisye atalipwa na nani? Pyesi ikivunjika, itanunuliwa na makuta gani? Tunazijua zile mashini zenye kulala mu parseli za serikali, majani imeota mpaka kwa kiti ya shofere. Siku ya kuzipokea, kamera zilikuwa mingi.

Wakonseye, musipige kura juu ya bei ya kununua peke yake. Muandike mu bajeti ileile franka za kuzitunza kila mwaka, kikao kifanyike wazi, na fakture ibandikwe kwa ukuta wa meri. Tutakuja kuisoma, hata mvua ikinyesha.