KILATINI KIMEKWISHA, JE KIMYA KIMEKWISHA?

Wako wasemao kwamba mambo ya Kanisa hayahusu gazeti la chama. Wamekosea. Palipo na habari ya heshima ya mtu, chama kina neno.

Wazee wetu Wakatoliki walisali namna gani? Padre aliwapa mgongo, akasoma sala za Misa kwa Kilatini. Mtumikiaji, mtoto wa shule, akajibu kwa niaba ya wote maneno aliyoyakariri bila kujua maana yake. Mama zetu walipiga magoti kimya na rozari zao. Walikuwa wageni katika nyumba yao wenyewe.

Tarehe 11 Oktoba, 1962, miezi kumi tu baada ya uhuru wa Tanganyika, Papa Yohane XXIII alifungua Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Maaskofu zaidi ya 2,000 walikutana Roma, na kati yao alikuwamo Kardinali Laurean Rugambwa, mwana wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupewa ukardinali, mwaka 1960. Tarehe 4 Desemba, 1963, hati ya liturujia ilipigiwa kura: 2,147 walikubali, wanne walikataa. Kilatini hakikufutwa, lakini lugha za watu zilifunguliwa mlango, na muziki wa nchi za misioni ukapewa heshima yake. Ndipo Kiswahili kikapanda altareni, padre akawageukia watu, na ngoma iliyoitwa ya kishenzi ikaingia kanisani. Hati ya tarehe 28 Oktoba, 1965, ikawataka Wakatoliki wawaheshimu Waislamu, ambao wenzetu wengi walikuwa wamekwisha kukaa nao benchi moja katika kudai uhuru.

Wako wanaonung'unika kwamba utukufu umepotea. Tunawajibu: Mungu aliyewaumba Wahaya na Wangoni hana haja ya mkalimani.

Lakini tusijidanganye. Tafsiri peke yake si uhuru. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walilitambua hilo, na katika miaka ya 1970 wakahimiza jumuiya ndogo ndogo, majirani wasome Maandiko pamoja, wauguze wagonjwa, wazike wafu wao. Huko ndiko sauti ya muumini inakopimwa. Kama anaitikia "Amina" tu na kutoa sadaka, basi amebadilishiwa lugha ya kunyamazia.

Na sisi wanachama je? Mikutano ya matawi yetu ni Kiswahili kitupu. Je, yule aliyekaa nyuma anauliza hesabu ya fedha za tawi? Au anapiga makofi na kwenda zake? Kama hathubutu kuuliza, tawi hilo bado linasali kwa Kilatini, na kosa ni la viongozi wake.

Ndugu zangu, lugha tunayo. Tuitumie kusema.

Uhuru na Umoja!