Mtoto wetu atalala wapi Kinshasa?

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotoka, furaha inajaa katika parokia zetu. Vijana wanamwagiwa poda nyeupe, wamama wanapiga vigelegele, na Jumapili inayofuata wale waliofaulu wanaitwa mbele ili waombewe. Ibada ikiisha, mzazi mmoja anabaki mlangoni na kuuliza kwa sauti ya chini jambo ambalo halikutajwa katika maombi: “Mchungaji, kule Kinshasa mtoto atalala wapi?”

Kwa miaka mingi nilijibu kwamba Mungu atafungua njia. Ninaamini hivyo hata leo, lakini sijibu tena kwa maneno hayo peke yake. Nimeona yanayowapata vijana tuliowawekea mikono kisha tukawaacha waende. Shida ya makao ya wanafunzi ina sababu zinazojulikana, ina sheria inayoihusu, na sehemu yake iko mikononi mwetu sisi makanisa.

Vitanda vichache, wanafunzi wengi

Chuo Kikuu cha Kinshasa kilianzishwa mwaka 1954 kwa jina la Lovanium, juu ya mlima, mbali na mji wa wakati ule. Waanzilishi walijua kwamba mwanafunzi anatoka mbali, ndiyo sababu walijenga mabweni, yale ambayo wanafunzi wanayaita Home mpaka leo. Mwaka 1971 Serikali ya Mobutu ilikiunganisha chuo hicho na kile cha Lubumbashi na kile ambacho sisi Waprotestanti tulikuwa tumekianzisha Kisangani mwaka 1963, vikawa chuo kimoja cha Taifa. Mwaka 1981 vilitenganishwa tena. Tangu hapo hesabu ya wanafunzi imepanda sana, lakini mabweni hayakupanda pamoja nayo. Chumba cha watu wawili kinalaza wengi zaidi, na asiye na nafasi yake analala chini kwa huruma ya mwenzake. Wenyewe wanamwita “makisari”, kama mtu anayejificha msituni.

Hata kitanda hicho hakina uhakika. Mwezi wa Januari 2020 wanafunzi waliandamana kupinga kupandishwa kwa karo. Fujo ilizuka, polisi mmoja aliuawa, masomo yakasimamishwa, na Serikali ikaamuru mabweni yaachwe ndani ya saa 48. Mwenye mjomba Lemba au Matete alibeba godoro lake akaenda kwa mjomba. Aliyetoka Beni, Uvira au Bunia, aende wapi? Siku zile ndipo ilipoonekana nani ana watu mjini na nani hana.

Mlango uliofungwa ni garanti

Kwa hiyo wengi wanatafuta chumba nje ya chuo: Mbanza-Lemba, Livulu, au mbele zaidi kwenye vilima vya Mont-Ngafula. Wazazi wanafikiri kodi ya mwezi ndiyo itakayowashinda. Mara nyingi sivyo. Kinachowashinda ni pesa ya kuingia.

Tuchukue mfano wa chumba cha dola 50 kwa mwezi. Mwenye nyumba akitaka garanti ya miezi kumi, hizo ni dola 500. Komisioneri aliyeonyesha chumba anataka naye kodi ya mwezi mmoja, dola 50. Kijana anatoa dola 550 kabla hajalala usiku hata mmoja. Mzazi ambaye angeweza kutafuta dola 50 kila mwezi, kwa kuuza maharagwe au kwa mshahara wa ualimu, hawezi kupata 550 kwa mara moja. Mtoto hakosi nyumba kwa sababu familia haiwezi kulipa kodi. Anaikosa kwa sababu haiwezi kuvuka kizingiti.

Lakini sheria ipo. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu nyumba za kupanga, inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Kwa mfano wetu, hiyo ni dola 150. Kwa nini haifuatwi? Kwanza, wanaotafuta ni wengi kuliko vyumba, na anayekataa miezi kumi anaona mwingine akiikubali papo hapo. Pili, wenye nyumba wengi hawaiweki garanti. Wanamalizia nayo ujenzi au wanalipa nayo madeni. Mpangaji akitoka, anangoja mpangaji mwingine aingie ndipo arudishiwe pesa yake. Mfumo mzima umesimama juu ya pesa ya yule anayekuja nyuma.

Aliyeshindwa kizingiti anakwenda mahali pa bei ndogo, na huko nako kuna gharama. Vyumba vingi vya bei ndogo viko kwenye miteremko inayoliwa na mmomonyoko au mabondeni karibu na mito. Mvua ya Desemba 2022 iliua watu zaidi ya mia moja Kinshasa kwa siku moja, na Mont-Ngafula ilikuwa miongoni mwa komini zilizoumia sana.

Kwa watoto wa Mashariki mzigo umeongezeka. Tangu vita vilipofika Goma mwezi wa Januari 2025 na Bukavu mwezi wa Februari, uwanja wa ndege wa Goma na mabenki vilifungwa, na familia nyingi zikapoteza biashara zao. Pesa ya shule imekuwa pesa ya kukimbia. Na vijana wetu wanatueleza kwamba mwenye nyumba akisikia Kiswahili, wakati mwingine maswali yanakuwa mengi, au chumba kilichokuwa wazi asubuhi kinakuwa kimepata mtu mchana.

Tuseme pia lile tunaloliogopa kwenye mimbara. Msichana wa miaka 19 asiye na mahali pa kulala hakosi mtu wa kujitolea kumlipia chumba. Tunamhukumu anaporudi na mimba. Tungejiuliza kwanza garanti yake ilikuwa dola ngapi, na sisi tulikuwa wapi.

Tulicho nacho tayari

Paulo alipomtuma Foibe kwenda Roma, jiji kubwa ambako dada huyo alikuwa mgeni, aliandika katika barua yake kwamba apokewe vema na asaidiwe kwa lolote atakalohitaji. Alipomwandikia Filemoni, hakuona haya kuomba atayarishiwe chumba. Na yule mama wa Shunemu, alipoona Elisha anapita mara kwa mara, alimwombea mumewe wajenge chumba kidogo juu, wakaweka kitanda, meza, kiti na taa. Nimesoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara naona chumba cha mwanafunzi. Mwanafunzi hahitaji zaidi ya hapo.

Kanisa la Kristo katika Kongo lina parokia karibu kila mtaa wa Kinshasa. Jumuiya zetu nyingi za Mashariki zina waamini wao huko. Undugu huo tunautumia kwenye sinodi na kwenye mazishi. Tuutumie pia hapa, kwa mambo manne.

La kwanza ni barua inayotangulia. Siyo ile cheti ya ubatizo anayoibeba mtoto mfukoni, bali barua kutoka kwa mchungaji kwenda kwa mchungaji mwenzake, miezi miwili kabla ya safari: anakuja nani, atasoma wapi, familia inaweza kulipa kiasi gani.

La pili ni mapokezi ya mwezi mmoja. Anayetafuta chumba akiwa tayari ana mahali pa kulala hadanganywi kwa urahisi na komisioneri. Wazee wa parokia wafuatilie nyumba zinazopokea, ili mgeni asigeuzwe mtumishi wa jikoni.

La tatu ni mfuko wa garanti. Familia thelathini zikitoa dola 5 kila moja, garanti halali ya miezi mitatu ya mfano wetu imepatikana. Pesa hiyo ni mkopo: mwanafunzi akitoka, inarudi na kumsaidia mwingine. Mzee wa kanisa kule mjini asimame kama shahidi, mkataba uandikwe na upelekwe ofisi ya habitat ya komini. Mwenye nyumba anamwogopa kijana asiyejulikana. Mbele ya watu wanaojulikana mtaani, moyo wake unalegea.

La nne litatuuma. Wenye nyumba wengine ni sisi. Goma, Bukavu, Butembo na Bunia zina wanafunzi wageni, na kati ya wanaowadai miezi sita au kumi kuna mashemasi, walimu wa shule ya Jumapili, hata wachungaji. Hatuwezi kumlilia Mungu juu ya mwenye nyumba wa Lemba huku tunafanya vilevile hapa kwetu. Miezi mitatu ni sheria ya nchi. Kwa Mkristo, iwe ndiyo mwisho.

Kuna atakayesema kwamba parokia zetu zimechoka na zina wakimbizi wa kulisha. Ni kweli. Sisemi tujenge mabweni. Nasema barua, mwezi mmoja, dola tano, na haki katika parsele zetu wenyewe.

Matokeo yajayo yakitoka, tutawamwagia poda na tutawaombea tena. Mzazi akibaki mlangoni na swali lake, tuwe na jina la parokia na nambari ya simu ya kumpa, ndipo tumwambie kwamba Mungu atafungua njia.