Mashine ya upepo ya kujitengenezea: dinamo iko, lakini upepo uko?

Umeme ukikosekana wiki nzima, mu mtaa hakukosekane kijana mwenye dinamo, kipande cha tiyo na kinga mzee, anayesema atajitengenezea mashine ya upepo nyuma ya nyumba. Si wazimu. William Kamkwamba wa Malawi alifanya vile mwaka wa 2002, nyuma ya njaa na kukosa feza za masomo kumtoa mu shule. Filamu juu yake ilitoka mwaka wa 2019.

Watu wanasahau kitu kimoja: dinamo yake ilikuwa ya kinga, ya wati 12 hivi. Hizo ni taa ndogo na redio. Frigo na pasi, hapana.

Hapa mashariki shida ya kwanza si dinamo, ni upepo wenyewe. Hesabu yake ni kali: upepo ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu inaongezeka mara nane. Mabawa yenye upana wa mita 2 yanaweza kutoa wati 100 hivi kama upepo unaenda mita 6 kwa sekunde. Ukishuka paka mita 3, zinabakia kama 12. Chini ya pale mabawa mengi hayazunguke. Na ule upepo unaovunja migomba mbele ya mvua hausaidie: unakuja nusu saa, unaharibu, unaenda zake.

Njo maana mafundi wenyi uzoefu wanaanza na mti mrefu na kitambaa, mbele ya kununua chuma. Majani ya miti yakitikisika tu mara moja moja, aheri kuacha. Matawi madogo yakicheza na vumbi kuruka karibu kila siku, pale kuna kazi. Pahali pa namna ile panapatikana zaidi ku migongo ya milima isiyo na miti, na ku kando ya ziwa. Mu bonde lenye mikalitusi, mara chache sana.

Kosa lingine ni alternatere ya gari. Ile inataka kuzunguka zaidi ya mara elfu moja kwa dakika. Mabawa ya mita 2 mu upepo wa kawaida yanafanya 200 ao 300. Mota yenye sumaku ndani inafaa zaidi. Tena regilatere ya paneli ya jua haifai kuunganishwa hivi hivi. Batri ikijaa, paneli inakatwa bila shida, lakini mashine ya upepo ikikatwa inakimbia sana paka mabawa yanapasuka. Umeme unaobakia lazima upelekwe pengine, kwa mfano ku waya ya kupashia maji moto.

Halafu kuna radi. Kabare, mu Kivu ya Kusini, ni kati ya pahali panapopigwa na radi zaidi duniani, na nguzo ya chuma ya mita 10 bila waya ya kushuka mu udongo ni hatari kwa nyumba nzima.

Kwa familia nyingi hesabu inaelekea ku jua. Paneli ya wati 50 mu saa ine za jua kali inatoa wati-saa 200. Mashine ya wati 12 ingezunguka karibu saa 17 bila kusimama ili kufikia pale. Penye kijito kinachoshuka mlima, maji yanashinda vyote viwili, juu yanatiririka hata usiku.