Shahada ya Kemia na Sisi Tulio Kazini

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika kurasa za chama chetu niseme neno lililonikaa moyoni tangu mkutano wetu uliopita. Siku ile maneno mengi yalisemwa juu ya wenzetu wafanyao kazi katika maabara, na kwa maoni yangu machache katika hayo yalikuwa ya haki.

Mimi si mkemia. Mimi ni karani wa stoo ya maabara moja ya kupimia maji huku kaskazini. Kazi yangu ni kupokea chupa, kuziandika daftarini, na kuzitoa kwa hati yenye sahihi. Lakini mtu akaaye mlangoni miaka mingi huwajua waingiao na watokao, tena huijua haja ya kila mmoja wao.

Wanachama watakumbuka ya kuwa mkutanoni tuligawanyika pande mbili. Upande mmoja ulisema kwamba msaidizi wa maabara aliyetimiza miaka kumi apandishwe cheo awe mkemia, bila ya kuulizwa shahada, kwa kuwa vijana wenye shahada wakija kazini ni yeye awafundishaye. Upande wa pili ulisema kwamba shahada haina kizuizi siku hizi. Mtu asome usiku kama wasomavyo wenzetu sheria na uwekaji wa hesabu, na ambaye hakuipata ni mvivu. Mimi naona pande zote mbili zilikosea, na kosa la pili ni zito kuliko la kwanza.

Nianze na wale wa kwanza. Ni kweli, nimemwona kwa macho yangu kijana mwenye shahada mpya akiishika bureti kama ashikaye nyoka, na msaidizi wa miaka mingi akimwelekeza kwa upole. Lakini mkono uliozoea ni jambo moja, na kujua sababu ni jambo jingine. Nitatoa mfano wa kazi ifanywayo kwetu kila siku, yaani kupima floridi.

Kila mmoja wetu aliyepata kufanya kazi Arusha au pande za Kilimanjaro na Meru ameyaona meno ya rangi ya kahawia, na pengine watoto wenye miguu iliyopinda. Sababu yake ni floridi iliyo nyingi katika maji yatokayo kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani husema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Nchi yetu ya Tanzania zamani iliruhusu hata miligramu 8, baadaye 4, kwa maana kama sheria ingekaza mno visima vingi vingefungwa na watu wasingekuwa na maji kabisa. Wala si maji peke yake: magadi tutiayo katika maharage yapate kulainika upesi, yakiwa yametoka katika baadhi ya maziwa ya huku, nayo yana floridi, na mtu anywaye maji ya mvua aweza kuipata katika chungu cha mkewe. (Nilipoyasema haya nyumbani sikusikilizwa, lakini hilo si la chama.)

Basi, floridi hupimwa kwa kijiti kiitwacho elektrodi, ambacho huchovywa katika maji. Kabla ya kuchovya, hutiwa dawa ya kusawazisha kwa kipimo kilicho sawa na maji yenyewe. Msaidizi aliyefundishwa kwa mkono ajua kuitia, na huitia vizuri. Mwulize kwa nini, atakujibu, "Ndivyo tufanyavyo." Mwenye kusoma kemia atakuambia ya kuwa dawa ile ina kazi tatu. Kwanza, husawazisha wingi wa chumvi, ili maji ya kisimani yalinganike na maji ya kipimo. Pili, huiweka hali ya asidi mahali pamoja, karibu na 5 au 5.5 katika kipimo cha pH. Maana asidi ikizidi, floridi huungana na haidrojeni ikafichika, na alkali ikizidi, kama ilivyo katika maji yenye magadi, ioni za haidroksidi huidanganya elektrodi ikadhani ni floridi. Tatu, huifungua floridi iliyoshikwa na alumini na chuma, ipate kuhesabiwa.

Sasa tuseme dawa ile imekwisha. Mimi ndimi nitoaye chupa, najua ni mara ngapi hukwisha. Asiyejua sababu aweza kusema, "Leo tupime bila ya hiyo," na chombo kitampa namba, maana chombo hakina haya. Ikiwa maji yale yalisafishwa kwa shabu, basi yamkini yana alumini ndani yake, na sehemu ya floridi imejificha. Namba itasomeka ndogo kuliko ilivyo kweli. Karatasi itaandikwa kwamba kisima ni salama, itatiwa sahihi na muhuri, na watoto wa kijiji kizima watakunywa kwa sahihi ile. Ndugu zangu, cheo cha mkemia ni madaraka ya kutia sahihi. Siwezi kuunga mkono mtu apewe kwa sababu tu ya kuhesabu miaka, hata akiwa rafiki yangu, na huyu nitakayemtaja hapa chini ni rafiki yangu.

Nije kwa wale wa pili, wasemao kwamba shahada ya kemia husomwa usiku. Nawaheshimu wenzetu waliopata vyeti vyao kwa taa ya chumbani. Ni kazi ya kiume, na ya kike vilevile. Lakini sheria imo vitabuni, na kitabu kinaingia mfukoni. Kemia haimo vitabuni peke yake. Anayesoma shahada hii, ambayo katika vyuo vya Tanzania kwa kawaida huchukua miaka mitatu, atakutana na kemia ya kaboni, na isiyo ya kaboni, na ya upimaji, na ile ihusuyo nguvu na joto, ambayo ndiyo huwarudisha wengi nyumbani kwa sababu ya hesabu zake. Hesabu hizo zaweza kusomwa usiku. Hata ile elektrodi niliyoitaja, atajifunza kwa karatasi na kalamu kwamba floridi ikiongezeka mara kumi umeme hubadilika kwa milivolti 59 hivi, penye joto la nyuzi 25, na atajua kwa nini. Lakini hakuna kitabu kimfundishacho mtu kulitambua tone lile moja libadilishalo rangi ya kiashiria, asipite wala asipunguze, wala kusoma bureti mpaka sehemu ya ishirini ya mililita, wala kuisafisha chupa hata aiamini. Hayo hujifunza kwa kukosea mbele ya mwalimu.

Jambo hili si geni. Mwaka 1824 Justus Liebig, kijana wa miaka 21, alipewa ualimu katika chuo cha Giessen huko Ujerumani, akaanzisha maabara katika nyumba iliyokuwa ya walinzi wa kambi ya askari. Humo wanafunzi hawakukaa kusikiliza tu; kila mtu alipewa kitu apime kwa mikono yake, siku nzima. Wanafunzi walimfuata kutoka nchi nyingi, wakarudi kwao na desturi ile, na tangu hapo kemia bila ya maabara haihesabiwi kuwa imesomwa.

Mzee mmoja alisimama mkutanoni akamtaja Michael Faraday, mwana wa mhunzi, fundi wa kujalidi vitabu, ambaye hakuwa na shahada na bado aligundua benzini mwaka 1825. Ni kweli kabisa, na hadithi yake yatufaa sisi makarani, maana alianza kwa kusoma vitabu alivyopewa kujalidi. Lakini mzee hakuimaliza. Mwaka 1812 Faraday alihudhuria mafundisho ya Humphry Davy, akayaandika, akayajalidi, akampelekea. Na mwaka 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi katika maabara ya Royal Institution huko London. Hakukosa mlango. Tena upungufu wake katika hesabu ulijulikana, hata mawazo yake juu ya umeme yakangoja James Clerk Maxwell ayatie katika milinganyo. Na leo Faraday mwenyewe akija kwetu, nadhani angepewa kuosha chupa, na karatasi ya majibu ingetiwa sahihi na mwingine.

Wazee wetu walikuwa na udhuru. Kabla ya mwaka 1949, Makerere ilipounganishwa na Chuo Kikuu cha London, mtu aliyemaliza huko alitoka na diploma, wala si shahada ya chuo kikuu, hata awe hodari namna gani. Sisi hatuna udhuru huo. Vyuo vipo, na kimojawapo, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi na kukaa darasani. Tulicho nacho ni kizuizi kingine, nacho ni hiki.

Rafiki yangu, msaidizi wa maabara kwa miaka kumi na mmoja, alijiandikisha kusoma kemia huku yu kazini. Masomo ya vitabu aliyashinda. Nimeyaona majibu yake. Yakabaki mafunzo ya vitendo, wiki tatu katika maabara ya chuo. Akaomba ruhusa. Mkubwa wake akamjibu kwamba likizo yake imekwisha na kazi ni nyingi. Wiki zile zikapita. Pasipo vitendo, masomo yale hayakuhesabiwa, na mwaka ukapotea pamoja na ada. Mwaka uliofuata akaomba mapema zaidi, akajibiwa vivyo hivyo. Wakati huo huo kijana mwenye shahada aliletwa, na rafiki yangu akaagizwa amfundishe kutumia vyombo. Alimfundisha, tena vizuri, bila ya kinyongo ninachoweza kukiona. Kisha usiku akanijia kuniuliza kama avikabidhi vitabu vyake kwa mwanawe. Huyu ndiye mliyemwita mvivu.

Kwa hiyo nasema kwamba chama chetu kiache kudai cheo bila ya elimu, kidai elimu yenyewe. Tuwaandikie wakuu wa idara kwamba mfanyakazi aliyekubaliwa na chuo, wiki zake za mafunzo ya vitendo zihesabiwe kuwa ni kazi, wala si likizo. Naye aandike mkataba wa kuitumikia idara miaka kadhaa baada ya kupata shahada, asije akakimbilia kwingine siku ya pili. Wengine watasema kazi italala. Wiki hizo hujulikana tangu mwanzo wa mwaka wa masomo. Anayetaka kupanga ana nafasi ya kupanga. Kila mwaka mimi hufunga stoo wiki nzima kwa kuhesabu mali, na maabara husimama au huchechemea, wala sijapata kusikia mkubwa yeyote akisema nchi imeharibika.

Tena tuombe maabara zetu ziwe wazi Jumamosi asubuhi kwa wale wasomao, chini ya mkemia mmoja, wapate kuizoesha mikono yao. Wakisema dawa zitapotea, mimi nitakuwapo na daftari langu, na kila gramu itaandikwa. Habari ya mikopo ya ada naiacha kwa Mweka Hazina, ambaye anajua mfuko wetu ulivyo.

Hoja hii nimeiandika na kumkabidhi Katibu. Mkutano wetu ni mwezi wa Juni. Mafunzo ya vitendo ya rafiki yangu yaanza Agosti, na vitabu bado anavyo.

Karani wa Stoo