Gemu jipya la mkononi: sura nimeipenda, ila usiliposti leo



Wiki hizi wengi mmeniuliza inboksi kuhusu yale magemu ya mkononi ya muundo mpya. "Yana soko? Niagize mangapi?" Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nayo mkononi na yalikuwa yananifundisha adabu. Leo najibu. Ni maelezo marefu kidogo, ila yana hela ndani yake, kwa hiyo vumilieni.

Lile la zamani wote tunalijua. Dogo, linaenea kiganjani, kioo cha inchi 3, limeandikwa michezo 400 kwa 1. Linakuja na waya wa kuunga kwenye TV na betri ya kutoa, BL-5C, ileile ya simu ndogo za Nokia. Nimeliuza hapa Mpanda muda mrefu bila kelele. Nanunua Kariakoo 17,000, nauza 25,000, maisha yanaenda.

Sasa limekuja hili jipya. Limelala upana, kioo kikubwa katikati, batani pande zote mbili na vijiti viwili vya kuzungusha kwa dole gumba. Ukiliona kwa mbali unaweza kusema ni Nintendo Switch. Tundu la chaja ni Type-C, betri iko ndani haitoki, boksi limeandikwa michezo 500. Nilipolipokea stendi na kulifungua palepale, aisee, nilijiona tajiri. Lina uzito kidogo mkononi, halina ile hali ya plastiki tupu. Vijana wa boda walinizunguka, kila mmoja anataka kushika.

Nilikuwa na sita. Jioni ileile nikachukua picha za muuzaji, zile zenye mpira wa miguu unaong'aa kwenye kioo, nikarusha stetasi na kwenye magrupu: "MZIGO MPYA! Gemu la kisasa, 40,000 tu!" Ndani ya siku mbili manne yameondoka. Nikaanza kupiga hesabu ya kuagiza ishirini.

Siku ya tatu asubuhi nikapokea voisi kutoka kwa mama mmoja wa Nsemulwa. Sauti ya upole, ndiyo iliyoniumiza zaidi. "Mwanangu, lile gemu halijaamka tangu jana. Nimelichaji usiku kucha. Nilimwahidi mtoto akifanya vizuri mtihani nitamnunulia, amefanya, sasa analia. Na baba yake alisema hivi vitu vya mtandaoni ni utapeli, nikabisha."

Nitawaambia ukweli. Jibu la kwanza nililoandika lilikuwa: "Mama, watoto wanaharibu vitu, likishatoka dukani hairudi." Nikabaki nimelishika kwenye simu. Nikafuta. Nikapanda boda.

Nilipofika nikamwomba anionyeshe alivyokuwa anachaji. Akaniletea chaja ya simu yake mpya, nzuri kabisa, waya wake una Type-C pande zote mbili. Nikatoa waya wangu wa kawaida, wenye kichwa kipana cha USB upande mmoja, nikachomeka kwenye chaja ya zamani. Taa nyekundu ikawaka. Baada ya dakika chache gemu likaamka, mtoto akalinyakua.

Gemu lilikuwa zima. Kibovu kilikuwa maelezo yangu.

Elewa hili kwa sababu litakukuta kwenye bidhaa nyingi, siyo magemu tu. Chaja ya waya wa Type-C pande zote mbili husubiri kifaa kijitambulishe kwanza ndipo itoe umeme. Vifaa vingi vya bei rahisi vina tundu la Type-C kwa sura tu, ndani havina kale kakipande ka kujitambulisha. Basi chaja inakaa kimya, mteja anadhani kitu kimekufa. Dawa yake ni waya wenye USB ya kawaida upande wa chaja. Waya huo mara nyingi umo kwenye boksi, ila mteja anautupa kwa sababu ana "chaja nzuri" ya simu. Sentensi moja tu kutoka kwangu ingetosha. Sikuijua kwa sababu nililishika gemu dakika kumi nikakimbilia kuposti.

Nikarudi nyumbani, nikaondoa tangazo. Yale mawili yaliyobaki nikakaa nayo wiki nzima, nikicheza na watoto wa jirani. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kijiti cha kulia kwenye haya yangu ni pambo. Kinafanya kazi ileile ya batani za mishale, hakiongezi kitu. Michezo 500 siyo 500. Nilianza kuhesabu, nikapita 100 hivi, nikaanza kukutana na ileile kwa jina lingine. Na ni michezo ya kizamani, aina ya kuruka, kupiga risasi na kupanga matofali. Mpira ule wa kwenye picha ya muuzaji haumo. Waya wa TV haumo kwenye boksi, na tundu lake sikuliona. Betri inakaa kama saa tatu ukicheza mfululizo.

Na uzuri wake pia niuseme, tusije tukaonea bidhaa. Kioo ni kikubwa kweli, hata mtu mzima anaona bila kukunja uso. Batani ni laini kuliko za zamani. Sauti iko wazi. Mtoto wa miaka saba analishika vizuri kwa mikono miwili. Kwa 40,000 siyo kitu kibaya. Ila siyo kile nilichokitangaza.

Sasa hapa ndipo penye maoni yangu. Neno "muundo mpya" halimwambii mteja chochote mpaka wewe muuzaji ujue ni kipi hasa kimebadilika. Angalia hata makampuni makubwa. Mwaka 2019 Nintendo walitoa Switch iliyoboreshwa ambayo kwa sura ni ileile ya 2017. Ukiziweka mezani mbili huwezi kuzitofautisha kwa haraka. Lakini ya kwanza chaji ilikaa kati ya saa 2 na nusu na 6 na nusu, na iliyoboreshwa kati ya saa 4 na nusu na 9. Tofauti ilikuwa ndani, na anayejua alisoma namba ya modeli. Mwaka huohuo wakatoa Switch Lite, ndogo na nzuri ya rangi, lakini haiungi kwenye TV kabisa. Mwaka 2021 ikaja ya kioo cha OLED cha inchi 7, kioo kizuri zaidi ya ile ya mwanzo, lakini michezo yake ni ileile. Kitu kipya chenye nguvu mpya, Switch 2, kilisubiri mpaka Juni 2025.

Umeona? Sura ileile, ndani kumebadilika. Sura mpya, ndani ni kulekule. Sura mpya na kitu kimepunguzwa. Zote zinaitwa muundo mpya. Muuzaji anayejua tofauti hiyo ndiye mteja anamrudia.

Wapo watakaoniambia: "Acha mambo mengi, biashara ya mtandaoni ni picha. Uza haraka, soko likichoka hamia kingine." Nawaelewa. Labda ukiwa Dar, unauza kwa watu ambao hutawaona tena, hesabu hiyo inaweza kukubeba siku kadhaa. Hapa Mpanda mteja wa asubuhi unakutana naye jioni soko la Kashaulili anachagua nyanya. Grupu la wazazi wa darasa moja lina watu wanaojuana wote. Voisi moja ya "yule ni tapeli" inafika Makanyagio kabla hujamaliza chai.

Na turudi kwenye hesabu, maana maneno matupu hayalipi kodi ya fremu. Magemu sita kwa 28,000 ni 168,000. Usafiri 12,000. Jumla 180,000, yaani kila moja limenisimamia 30,000. Nikiuza yote kwa 40,000 napata 240,000, faida 60,000. Sasa wateja wawili tu wakirudisha na nikawarudishia hela, nabaki na 160,000. Nimeshaingia hasara ya 20,000, na magemu mawili yako kabatini yananiangalia. Na kuyarudisha Kariakoo? Mpanda ndiyo mwisho wa reli, ndugu zangu. Kitu kikishafika huku hakirudi kirahisi. Nauli ya kurudisha, siku za kusubiri, na yule wa Dar hapokei tena simu. Ndiyo maana sisi wa mikoani tunapaswa kuwa wagumu zaidi kuamini sura kuliko wenzetu wa mjini.

Jambo lingine. Usiue la zamani kwa sababu limekuja jipya. Mimi nilikuwa karibu kuacha kabisa kuagiza yale madogo. Wiki ile ikanifumbua macho. Mteja wa Karema, Mishamo au kijiji cha ndani huko Mlele anachaji kwa sola, au analipia kuchaji kibandani. Betri ya BL-5C ikichoka anaitoa, ananunua nyingine kwa muuza vifaa vya simu, mchezo unaendelea. La muundo mpya betri ikifa anahitaji fundi wa kufungua na kuchomelea. Huyo ukimpa jipya kwa sababu lina faida kubwa, umemkomoa. Mteja wa hapa mjini mwenye umeme na watoto wadogo, huyo mpe jipya, atafurahi kioo.

Kwa hiyo mimi naagiza yote mawili, na swali langu la kwanza kwa mteja siku hizi ni: "Linaenda wapi, na huko mnachaji kwa nini?"

Kama umeshaagiza au unataka kuagiza, fanya hivi:

Agiza moja kwanza, usianze na dazani. Kaa nalo siku saba. Lichaji kwa chaja tatu tofauti, cheza mpaka lizime, tazama saa. Mpe mtoto, siyo wewe tu, maana mtoto ndiye fundi wa kugundua udhaifu.

Piga picha zako mwenyewe, gemu likiwa limewashwa na liko mkononi ili ukubwa uonekane. Video ya nusu dakika bila muziki inauza kuliko picha kumi za kiwandani.

Usiliite Nintendo wala usitumie nembo yao. Siyo Nintendo. Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja. Mtaji wa laki mbili haustahili kesi.

Kisha andika tangazo la mtu mzima. Hili ndilo ninalotumia sasa, linakili ukipenda, badilisha kulingana na mzigo wako:

"Gemu la mkononi, kioo kikubwa, la watoto kuanzia miaka 6. Michezo ya kizamani ya kuruka na kupiga risasi, mingine inajirudia. HALIUNGI kwenye TV. Chaji saa 3 hivi. Chaji kwa waya uliomo kwenye boksi TU, waya wa Type-C pande mbili haulichaji. Betri haitoki. Bei 40,000, unalijaribu mbele yangu kabla ya kulipa. Anayetaka la kuunga TV na betri ya kutoa, lipo dogo la 25,000."

Najua unachofikiria: "Tangazo gani hili linalotaja ubaya?" Nami niliogopa. Yale mawili yaliyobaki niliyatangaza hivyo hivyo. Moja liliondoka siku hiyohiyo. La pili lilikaa siku tano, na mtu aliyekuja kulichukua alinunua dogo badala yake, la mwanawe aliyeko Inyonga. Polepole, ndiyo. Ila hakuna voisi iliyonijia usiku. Wale watatu wa mwanzo nao niliwapigia mmoja mmoja kuwaeleza habari ya waya. Mmoja alikuwa ameshaliweka juu ya kabati akijua limekufa, wala hakuwa amenitafuta. Fikiria huyo. Angenyamaza, asingenunua kwangu tena, na mimi nisingejua kwa nini.

Yule mama wa Nsemulwa wiki iliyopita amenitumia ujumbe akiulizia spika ndogo ya bluetooth. Nimemwambia: "Mama, nipe siku chache, bado naijaribu." Akajibu: "Sawa mwanangu, nasubiri."

Wewe una bidhaa gani ulioiposti kwa sura ikakugeuka? Andika hapo chini, tusaidiane kabla mwingine hajatuma hela Kariakoo.